Zizi Lililojaa Si Ushahidi wa Ng'ombe Wengi

Hotuba kwa wafugaji, wanenepeshaji na wanafunzi wa mifugo. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyooneshwa ukutani imeachwa.

Ndugu wafugaji, ndugu wanenepeshaji, maafisa mifugo, wanafunzi wetu, na nyinyi wafanyabiashara wa mnadani mliokuja na madaftari: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimeombwa nieleze takwimu za mazizi ya kunenepeshea ng'ombe ya Marekani, zinavyopanda na kushuka, na namna ya kuzisoma. Naomba tuanze na hesabu mbili, mziandike.

Tarehe 1 Januari 2019 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 94.8, wa nyama na wa maziwa, wakubwa kwa ndama. Siku hiyohiyo, mazizi makubwa ya kunenepeshea yalikuwa na ng'ombe milioni 11.7. Sasa ruka miaka sita. Tarehe 1 Januari 2025 ng'ombe wote nchini walikuwa milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1951. Na mazizini walikuwa wangapi? Milioni 11.8.

Mmesikia? Nchi imepungukiwa na ng'ombe milioni nane, na mazizi yamejaa vilevile, tena yamezidi kidogo. Mtu aliyekuwa anatazama mazizi peke yake miaka yote hiyo angeapa kwamba mambo ni shwari. Angekuwa amekosea kwa ng'ombe milioni nane.

Hilo ndilo jambo langu la leo. Usitazame zizi lina wangapi. Uliza wanatoka kwa kasi gani, na wanaoingia ni wa aina gani.

Kwanza, namba zenyewe zinatoka wapi? Wizara ya Kilimo ya Marekani ina shirika lake la takwimu, NASS. Kila mwezi, kwa kawaida Ijumaa ya karibu na tarehe 20, saa tisa alasiri kwa saa za Washington, NASS hutoa taarifa ya ng'ombe walioko mazizini. Saa hiyo soko la Chicago, ambako watu huuziana mikataba ya ng'ombe wa miezi ijayo, limeshafunga, kwa hiyo wafanyabiashara wana Jumamosi na Jumapili ya kuitafakari. Jumatatu asubuhi bei husema walichoelewa.

Taarifa hiyo inahesabu mazizi yenye uwezo wa ng'ombe 1,000 na kuendelea tu. Ni mazizi zaidi ya 2,000. Yale makubwa kabisa, ya ng'ombe 50,000 na zaidi, hayafiki mia moja. Mazizi madogo ya wakulima hayahesabiwi kila mwezi; huingia katika hesabu ya ng'ombe wote nchini, kama ile ya Januari. Ndiyo maana kwa siku ileile ya 1 Januari 2025 utakuta mtu anaandika milioni 11.8 na mwingine anaandika milioni 14.3, na wote wawili wako sahihi. Wa pili amejumlisha mazizi madogo. Ukilinganisha mwezi na mwezi, hakikisha unalinganisha kundi lilelile.

Ndani ya taarifa kuna mistari minne inayobeba kila kitu. Waliokuwepo tarehe moja. Walioingia katika mwezi. Waliouzwa katika mwezi, na hapa kuuzwa maana yake ni kupelekwa machinjioni. Ng'ombe akihamishiwa zizi jingine huyo hajauzwa. Na mstari wa nne ni waliopungua kwa njia nyingine: waliokufa, waliorudishwa malishoni, waliohamishwa. Waliokuwepo, jumlisha walioingia, toa waliouzwa, toa waliopungua, unapata waliopo tarehe moja ya mwezi unaofuata. Hesabu ya darasa la tatu. Lakini ndani yake kuna mambo mengi.

Tuchukue Aprili 2020. Mwezi ulianza na ng'ombe milioni 11.3 mazizini. Walioingia ni milioni 1.43. Waliouzwa ni milioni 1.46. Waliopungua kwa njia nyingine ni takriban 70,000. Fanyeni hesabu: tarehe 1 Mei walibaki milioni 11.2. Mtu anayesoma mstari wa kwanza tu atasema hapakutokea kitu, milioni 11.3 imekuwa 11.2, basi.

Hapakutokea kitu? Ndugu zangu, huo ulikuwa mmoja wa miezi mibaya kabisa kwa wanenepeshaji wa Marekani. Ugonjwa wa Uviko ulikuwa umeingia kwenye machinjio makubwa, wafanyakazi wanaugua, mashine zinasimama. Waliouzwa walikuwa pungufu kwa asilimia 24 ukilinganisha na Aprili ya mwaka uliotangulia. Mei ikaja mbaya zaidi, pungufu kwa asilimia 28. Kwa nini basi idadi ya waliopo haikupanda? Kwa sababu mnenepeshaji anayeona mlango wa kutokea umefungwa hanunui wapya. Walioingia nao walishuka, kwa asilimia 22. Milango yote miwili iliziba, na idadi ya ndani ikatulia tuli.

Na ndani ya zizi kulikuwa na nini? Maksai waliokwisha kuwa tayari, wasio na pa kwenda. Ng'ombe hamngoji mtu. Anaendelea kula, anaendelea kuongezeka, na kinachoongezeka mwishoni ni mafuta. Katika hali ya kawaida, maksai wa mazizi yale hula kilo sita hivi za chakula kikavu ili aongeze kilo moja ya uzito. Akishapita siku yake, kilo hiyo moja inadai chakula kingi zaidi, na machinjio hukata bei kwa mzoga wenye mafuta kupita kiasi au mzito kupita kiasi. Kwa hiyo wanenepeshaji walipunguza mahindi na kuongeza majani makavu, ili mnyama akue polepole wakisubiri nafasi. Hakuna mstari wa taarifa unaokuonesha hayo. Utayaona pale tu utakapoweka waliouzwa mkononi mwa kushoto na walioingia mkononi mwa kulia.

Kituo cha daladala kikijaa watu, je, ni kwamba abiria wameongezeka, au magari hayaji? Huwezi kujua kwa kuhesabu vichwa vya waliosimama. Hesabu magari yanayoondoka.

Basi tuhesabu magari. Chukua waliokuwepo, gawa kwa waliouzwa mwezi huo. Unapata miezi ambayo zizi lingehitaji ili kutoa ng'ombe wote kwa kasi ile. Januari 2014 waliokuwepo ni milioni 10.6, waliouzwa milioni 1.79: miezi 5.9. Januari 2025 waliokuwepo milioni 11.8, waliouzwa milioni 1.87: miezi 6.3. Na miezi hii miwili inalinganishika vizuri, kwa sababu yote ilianza siku ya Jumatano, siku za kazi ni zilezile. Tofauti ni kama siku 12. Siku 12 kwa ng'ombe milioni 11! Hiyo ndiyo sehemu ya jibu la kitendawili chetu. Zizi linaonekana limejaa kwa sababu kila ng'ombe analala humo siku nyingi zaidi.

Kwa nini analala zaidi? Tazama bei. Mwaka 2025 ndama wa kunenepesha alipita dola 3 kwa pauni, yaani zaidi ya dola 6.6 kwa kilo ya uzito hai. Ndama wa kilo 340 huyo ni zaidi ya dola 2,200 kabla hajala punje moja. Mahindi nayo yalikuwa yameshuka mbali na bei za mwaka 2022. Ukiwa na chakula cha bei nafuu na ndama wa kuziba pengo ni ghali namna hiyo, utamtoa mapema uliyenaye? Humtoi. Unamwongezea kilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzoga wa maksai wa Marekani ulikuwa karibu na kilo 360. Sasa wastani umepita kilo 420. Ng'ombe wachache, mizoga mizito. Ndiyo sababu nyama haikupungua kwa kasi ileile ambayo ng'ombe walipungua.

Sehemu ya pili ya jibu ni nani wanaoingia. Na hapa naomba msikilize kwa makini, hasa nyinyi wafugaji wa asili.

Mwaka 2011 jimbo la Texas lilipata ukame mbaya kuliko wa mwaka wowote mmoja uliowahi kuandikwa kwenye kumbukumbu zake. Majani yakaisha, mabwawa yakakauka, nyasi kavu zikapanda bei. Mfugaji akafanya ambacho mfugaji yeyote hufanya: akauza. Akauza ng'ombe jike wakubwa, na ndama akawapeleka zizini kabla ya wakati wao. Taarifa ya Julai 2011 ikaonesha walioingia mazizini ni milioni 2.15, asilimia 22 zaidi ya Julai ya mwaka uliotangulia. Mazizi yakajaa. Aliyetazama mazizi alisema ng'ombe ni tele.

Tele kutoka wapi? Walikuwa ni ndama wa kesho wanaoliwa leo. Na mama zao wamekwenda pamoja nao, kwa hiyo ndama wa keshokutwa hawatazaliwa. Mwanzoni mwa Januari 2013 mji wa Plainview, Texas, bado ulikuwa na machinjio ya Cargill yenye wafanyakazi 2,000 hivi. Tarehe 17 kampuni ikatangaza inafunga, na tarehe 1 Februari ikafunga. Sababu iliyotolewa ni ng'ombe kupungua baada ya ukame. Mwaka mmoja na nusu hivi tangu mazizi yajae, mashine zimezimwa na watu 2,000 wako nyumbani.

Mnaona urefu wa kamba hiyo? Ukame unaanza, mazizi yanajaa, kisha yanapungua, kisha machinjio yanafunga. Anayesoma kwa kuchelewa hukuta kila kitu kimekwisha tendeka.

Na yamejirudia. Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kufunga machinjio yake ya Lexington, Nebraska, yenye wafanyakazi wapatao 3,200, katika mji wa watu kama 11,000. Jimbo ni jingine na kampuni ni nyingine, ila kisa ni kilekile: ndoano za kutundikia mizoga ni nyingi, ng'ombe hawatoshi. Nawaambia bila kuficha, mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu dalili zake zilikuwa zimeandikwa kwenye taarifa za wazi miaka kadhaa kabla. Zilikuwa kwenye mstari ambao wengi huupita.

Mstari wenyewe ni upi? Ni wa mitamba, yaani majike ambao hawajazaa bado.

Mara nne kwa mwaka, katika taarifa za Januari, Aprili, Julai na Oktoba, NASS hugawa walioko mazizini kati ya maksai na mitamba. Mtamba ana njia mbili tu. Ama anabaki kwa mfugaji awe mama, ama anaingia zizini awe nyama. Kwa hiyo sehemu ya mitamba ndani ya zizi inakwambia wafugaji wanafikiri nini juu ya miaka ijayo. Baada ya ukame wa Texas kwisha na bei kupanda, wafugaji walizuia mitamba nyumbani, na ilipofika 2016 mitamba mazizini walikuwa chini ya theluthi. Kundi likakua mpaka kufikia ile milioni 94.8 ya 2019. Kisha ukame ukarudi katika majimbo ya magharibi na ya kati, mafuta na mbolea vikapanda, na mnamo 2023 mitamba mazizini walikaribia 40 katika kila ng'ombe 100. Arobaini! Hao ni mama ambao hawatakuwa mama.

Tuhesabu kurudi kwao kunachukua muda gani. Mfugaji anaamua leo kumzuia mtamba wa miezi saba aliyeachishwa ziwa. Atapandishwa akiwa na miezi 15 hivi. Mimba ni siku 283. Atazaa akiwa na miaka miwili. Ndama wake ataachishwa akiwa na miezi saba, atakua malishoni, ataingia zizini, na atatoka kwenda machinjioni akiwa na miezi kama 18. Jumlisha: tangu uamuzi ule mpaka nyama ni karibu miaka mitatu. Na katika miaka hiyo mitatu, mtamba aliyezuiwa hayumo zizini. Maana yake siku wafugaji watakapoanza kweli kujenga upya kundi, mazizi yatapungua zaidi na waliouzwa watapungua zaidi, kabla ya kuongezeka. Anayetaka nafuu ya haraka hapa haipo. Baiolojia haina njia ya mkato.

Kuna waliojaza pengo kutoka nje ya kundi la nyama. Wenye ng'ombe wa maziwa siku hizi huwapandisha mbegu ya madume ya nyama, na ndama hao chotara huingia mazizini. Na kuna Mexico, ambayo katika mwaka wa kawaida huuza Marekani zaidi ya ndama milioni moja. Novemba 2024 mpaka ulifungwa. Kusini mwa Mexico alikuwa amepatikana nzi ambaye mabuu yake hayali nyama iliyooza kama ya nzi wengine. Yanakula nyama hai, kwenye kidonda, kwenye kitovu cha ndama mchanga, hata kwenye mkwaruzo wa kupe. Mpaka ukafunguliwa Februari 2025, ukafungwa tena Mei 11, ukafunguliwa kidogo Julai 7 kwenye kituo kimoja cha Douglas, Arizona, na siku mbili baadaye ukafungwa. Mwezi huo wa Julai walioingia mazizini walipungua kwa asilimia 6, na tarehe 1 Agosti waliokuwepo walikuwa chini ya milioni 11.

Dawa ya nzi huyo sisi tunaijua. Madume hufugwa kiwandani, hupigwa mionzi wawe tasa, hurushwa kwa ndege. Majike hupandwa na madume tasa, mayai hayaanguliwi. Ni njia hiyohiyo iliyommaliza mbung'o wa Unguja, kwa madume yaliyofugwa Tanga, mpaka mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Marekani ilimmaliza nzi wake kwa njia hiyo tangu miaka ya 1960, na sasa inalazimika kuijenga upya nguvu ile. Niliyataja haya kwa sababu mstari wa "walioingia" unaweza kuanguka bila mfugaji wa Marekani kubadili chochote. Kabla hujasema wafugaji wanazuia mitamba, tazama kwanza mpaka umefunguliwa au umefungwa.

Sasa kazi ya mikono. Taarifa hugawa walioingia kwa uzito: chini ya pauni 600, ambazo ni kilo 272, kisha makundi ya pauni mia mia mpaka 1,000, kilo 454, na zaidi. Kwa nini? Kwa sababu uzito wa kuingia hukupa tarehe ya kutoka. Chukua ndama wa kilo 340 anayeongezeka kilo 1.6 kwa siku na atakayeuzwa kwa kilo 658. Anahitaji kilo 318. Gawa kwa 1.6: siku 199. Mwenzake aliyeingia siku hiyohiyo na kilo 400 anatoka karibu miezi miwili kabla yake kama anaongezeka kilo 1.8. Wawili hao ni "walioingia Oktoba", lakini mmoja ni wa soko la Machi na mwingine ni wa soko la Aprili au Mei. Usiwachanganye.

Na kosa la kawaida kuliko yote: kulinganisha mauzo ya mwezi bila kuhesabu siku za kuchinja. Waliouzwa milioni 1.8 kwa siku 22 ni karibu 82,000 kwa siku. Milioni 1.8 hiyohiyo kwa siku 21 ni karibu 86,000. Siku moja tu ya sikukuu inakuvuruga kwa asilimia kati ya 4 na 5, na watu wanaandika habari nzima kwamba mauzo yameanguka wakati kilichoanguka ni kalenda.

Mtaniuliza, haya yananihusu nini mimi mwenye zizi la ng'ombe 60 Kanda ya Ziwa, ninayelisha mashudu ya pamba na pumba kwa siku 90? Yanakuhusu kwa sababu mistari ile minne haihitaji wizara. Inahitaji mzani au utepe wa kupimia kifua, na daftari. Tarehe moja ya kila mwezi, asubuhi kabla ya kulisha, hesabu waliopo na wapime. Wapya waandikwe siku waliyoingia, uzito wao na kama ni dume au mtamba. Waliouzwa waandikwe uzito na siku walizokaa. Waliokufa au kurudishwa waandikwe peke yao, na sababu. Ukiwachanganya na waliouzwa, hutajua kamwe kama hasara yako iko mnadani au iko kwenye lishe.

Kisha gawa. Una ng'ombe 60, mwezi huu umeuza 20: miezi mitatu, sawa na mpango wako wa siku 90. Mwezi ujao una 60 uleule lakini umeuza 12: miezi mitano. Zizi lako halijabadilika kwa macho. Lakini wako humo wanyama wanaokula mashudu ya siku ya 110, ya 120, na mashudu hayo yana bei. Watafuteni hao kesho yake, kwa namba za hereni zao, mwanzie na yule aliyeongezeka kidogo zaidi katika siku 30 zilizopita.

Na mkiwa wanenepeshaji kumi wa wilaya moja mkakubali kujumlisha madaftari yenu kila tarehe moja, bila kutajana majina, mtakuwa mnajua mwezi mmoja au miwili kabla ni lini wote mtapeleka ng'ombe mnadani kwa wakati mmoja. Nimeacha nakala ya jedwali la mistari minne pale mezani, lina nafasi ya miezi 12. Chukueni. Sasa karibuni maswali, tuanze na wale wa nyuma.